Mageuzi ya uhamiaji Marekani: karatasi uliyoshika ndiyo inayopanga mshahara wako

#1 Mbeba Boksi Mstaafu

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi wowote wa Marekani ukifunguliwa humu, hata ukurasa wa pili haujafika watu wameshagawanyika. Kuna wanaosema wahamiaji wote wakifukuzwa mishahara ya wazawa itapaa. Kuna wanaosema bila wahamiaji Mmarekani atakufa njaa. Nimekaa huku muda wa kutosha, nimebeba maboksi, nimeosha wazee, nikasoma uchumi kwa masomo ya jioni, na naona pande zote mbili zinahesabu vichwa tu. Wenye vichwa hivyo wameshika karatasi gani, hakuna anayeuliza. Mimi nasema sheria ya uhamiaji inaingia kwenye mfuko wa mtu kupitia karatasi kwanza, idadi inafuata nyuma. Mnivumilie, bandiko ni refu.

Nianze na kufukuza, maana lilishajaribiwa. Mwaka 1942, vita vimepamba moto, Marekani ilikubaliana na Mexico kuleta vibarua wa mashambani kwa msimu. Waliitwa braceros. Katikati ya miaka ya 1950 walikuwa zaidi ya laki nne kwa mwaka. Mwisho wa 1964 mpango ukafutwa, na maneno ya wanasiasa yalikuwa haya haya tunayoyasikia leo: mwondoe Mmexico, mwenye shamba atalazimika kumlipa Mmarekani vizuri. Wachumi watatu, Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel, walifukua takwimu za ujira wa mashambani jimbo kwa jimbo, wakachapisha walichokikuta mwaka 2018. Majimbo yaliyokuwa yamejaa braceros na yale ambayo hayakuwa nao kabisa, ujira ulipanda kwa mwendo mmoja. Hakuna cha kupaa wala nini.

Wenye mashamba walifanyaje? Wa nyanya California walikimbilia mashine. Ilikuwa imeshabuniwa Chuo Kikuu cha California kule Davis, pamoja na aina ya nyanya ya ganda gumu isiyopasuka ikivunwa na chuma, lakini wachache walikuwa wameinunua kwa sababu kibarua alikuwa bei poa. Miaka michache baada ya 1964, nyanya za kusindika za California karibu zote zilivunwa kwa mashine. Mazao ambayo mashine yake haikuwepo, mfano asparaga na stroberi, yakapunguzwa. Anayesema "wakiondoka tutalipwa" anasahau kuwa mwajiri naye ana akili zake. Atanunua mtambo, atabadili zao, au ataacha kulima.

Sasa upande wa pili, msamaha. Rais Ronald Reagan, na huyu alikuwa Republican kindakindaki, alisaini sheria ya 6 Novemba 1986. Aliyeweza kuthibitisha kuwa yuko Marekani tangu kabla ya 1 Januari 1982 aliruhusiwa kuomba, na vibarua wa mashambani wakawekewa mlango wao. Watu wapatao milioni 2.7 walipata makaratasi. Mtu ni yule yule, mikono ile ile, lakini Sherrie Kossoudji na Deborah Cobb-Clark walipowafuatilia wanaume waliohalalishwa waliona uhalali wenyewe uliwaongezea ujira kwa kama asilimia 6.

Aliyewahi kuishi bila makaratasi hahitaji kuelezwa hili. Huwezi kuacha kazi mbaya ukazunguka kuulizia nzuri, kwa sababu kila mlango unaobisha unaweza kukuuliza usichonacho. Bosi anajua. Saa za ziada zinayeyuka, ukiteguka mgongo unaambiwa upumzike nyumbani bila senti. Sheria ya ujira inakulinda hata kama huna karatasi, ila nani ataenda kushtaki? Makaratasi yakija, kinachobadilika ni kwamba unaweza kuondoka. Bosi akijua unaweza kuondoka, anaanza kusalimia vizuri.

Sheria hiyo hiyo ilikuwa na mguu wa pili: adhabu kwa mwajiri atakayeajiri asiye na ruhusa huku akijua. Ndipo ilipozaliwa fomu ya I-9, ya kuthibitisha kuwa unaruhusiwa kufanya kazi, ambayo kila mbeba boksi ameijaza. Ila mwajiri hakutakiwa kuwa mtaalamu wa kugundua nyaraka bandia. Karatasi ikionekana halali, basi. Biashara ya namba za sosho (Social Security, namba unayodaiwa ukiajiriwa) za kughushi ikashamiri. Makampuni mengine yakaanza kupitisha vibarua kwa wakala wa katikati, ili tatizo likitokea liwe la wakala. Na hakuna aliyefungua mlango wa kuingia kihalali kwa vibarua wa kesho, wakati kazi zao zilikuwa bado zipo. Kufikia 2007 wasio na makaratasi walikuwa takriban milioni 12. Watu wanasema msamaha wa Reagan ndio uliowavuta. Mimi nasema walivutwa na kazi, na sheria ikaamua tu kwamba wataifanya gizani.

Mwaka 2013 Bunge lao lilijaribu tena kuwapa makaratasi wasio nayo. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, CBO, ambayo haina chama, iliupigia hesabu muswada ulivyotoka kwenye kamati ya Seneti: nakisi ya bajeti ingepungua kwa kama dola bilioni 175 miaka kumi ya kwanza, na kama bilioni 700 miaka kumi inayofuata. Uchumi ungekuwa mkubwa kwa asilimia 3.3 kufikia 2023. Wastani wa mishahara ungekuwa chini kwa asilimia 0.1 mwaka huo, kisha juu kwa asilimia 0.5 kufikia 2033. Seneti ikaupitisha kwa kura 68 dhidi ya 32. Baraza la Wawakilishi halikuupigia hata kura.

La mwisho, kodi. Taasisi ya ITEP, inayochambua sera za kodi, ilikadiria kuwa wasio na makaratasi walilipa kodi dola bilioni 96.7 mwaka 2022. Ndani yake bilioni 25.7 ziliingia mfuko wa Social Security, yaani pensheni ambayo wengi wao hawataiona hata wakizeeka. ITEP hao hao wakasema watu hawa wakipewa kibali cha kazi tu, kodi ingeongezeka kwa bilioni 40.2 kila mwaka. Hakuna kichwa hata kimoja kilichoongezwa hapo. Kimeongezwa kibali.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja karibuni, wenye matusi nao karibuni.

#2 Kashata na Kahawa

Nimewahi siti ya mbele. Tuendelee.

#3 Kisu cha Mbao

Mkuu bandiko zuri, ila umechagua nyama ukaacha mifupa.

Mbona hujaigusa Mariel? Aprili 1980 Castro alifungua bandari ya Mariel, kufika Oktoba Wacuba kama 125,000 wameshaingia Florida, wengi kwa boti za watu binafsi. Nguvu kazi ya Miami iliongezeka asilimia 7 ndani ya miezi. David Card aliandika 1990 kwamba mishahara ya Miami haikutikisika, na ninyi watetezi mmeishi kwa karatasi hiyo moja hadi akapewa Nobel 2021. Akaja George Borjas, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Cuba, akauliza swali la kiutu uzima: umemwangalia nani? Waliokuja wengi hawakumaliza sekondari, basi mwangalie mzawa ambaye naye hakumaliza sekondari. Alipomtenga huyo akakuta mshahara wake ulishuka kati ya asilimia 10 na 30.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wewe ulipo. Wastani wa CBO hauli ugali. Mwenye mgahawa anapata, mwenye nyumba za kupangisha anapata, daktari anapata yaya wa bei rahisi. Kijana mweusi wa Miami aliyeishia kidato cha pili, yeye anapata nini? Na ndiye anayewapigia kura wanasiasa wakali.

Pili, gharama. Mtoto wa asiye na makaratasi anasoma bure shule ya serikali, Mahakama ya Juu yao iliamua hivyo 1982. Mimi sipingi mtoto kusoma. Ninachosema shule hizo zinalipwa na kodi za jimbo na mji, wakati hizo bilioni zako za Social Security zinakwenda Washington. Muulize aliyekuwa meya wa New York 2023 alilipa hoteli ngapi za kuwalaza wahamiaji.

#4 Bint wa Ngamiani

Naomba nimjibu Kisu kuhusu hoteli, maana hilo nalijua kwa macho.

Niko Maine. Ukitaka kujua Maine ni wapi, ni kule juu kabisa karibu na Canada, baridi haina adabu. Ndilo jimbo lililozeeka kuliko yote. Nusu ya watu wake wana umri wa zaidi ya miaka 44. Nyumba za kutunza wazee zinabandika matangazo ya kazi hadi yanapauka. Mwaka 2019 walianza kumiminika Portland waomba hifadhi kutoka Kongo na Angola, familia nzima nzima, waliopitia Brazil, kisha wakavuka kwa miguu msitu wa Darién ulio kati ya Colombia na Panama. Mji ukawalaza kwenye ukumbi wa michezo ya kikapu.

Sasa sikilizeni sheria inavyofanya kazi. Muomba hifadhi haruhusiwi kuomba kibali cha kazi mpaka siku 150 zipite tangu alipowasilisha maombi yake, na hawezi kukipata kabla ya siku 180. Na kuwasilisha kwenyewe kunataka fomu ndefu ya Kiingereza na mwanasheria ambaye hapatikani. Kanisani kwetu tuna mama alikuwa muuguzi Bukavu. Alikaa anakula chakula cha msaada, ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya wazee inalia haina watu wa kuwageuza vitandani. Anaamka, anasafisha kanisa bila malipo kwa sababu kukaa bure kunamwumiza kichwa.

Mji ulilipa. Ni kweli Kisu, mji ulilipa. Lakini mji ulilipa kwa sababu sheria ilimkataza yule mama kujilipia. Hata Seneta wetu Susan Collins, ambaye ni Republican, alipeleka muswada kusubiri huko kuwe siku 30. Umekaa.

#5 Mbeba Boksi Mstaafu

Kisu, karibu. Nimefurahi umekuja na Mariel, nilijua haitakosekana.

Borjas anastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu swali lake ni sahihi: angalia anayeshindana na mgeni moja kwa moja. Tatizo ni kwamba ukishamtenga mwanaume, asiye na sekondari, asiye Mhispania, wa umri fulani, wa Miami, kwenye sampuli ya takwimu za kitaifa unabaki na watu wachache mno. Giovanni Peri na Vasil Yasenov walipanua kundi hilo kidogo, mporomoko ukayeyuka. Clemens na Jennifer Hunt wakagundua kuwa miaka hiyo hiyo utafiti wa taifa ulianza kuwafikia wanaume weusi wengi zaidi wa Miami, na hao ujira wao ulikuwa chini hata kabla ya boti ya kwanza. Sehemu ya "mporomoko" ni mabadiliko ya waliohojiwa. Ugomvi haujaisha na sidhani utaisha tukiwa hai.

Ila angalia kitu kimoja. Wacuba wa Mariel hawakuingizwa gizani kama Mmexico wa mashamba ya Alabama. Waliruhusiwa kukaa na kufanya kazi, na miaka michache baadaye wengi walipata njia ya ukaazi wa kudumu. Miami iliwameza kwa sababu walikuwa wananunua, wanapanga nyumba, wanafungua biashara mchana kweupe.

Kuhusu gharama za majimbo sibishani nawe. CBO waliandika 2025 kwamba wimbi la wahamiaji liliziachia serikali za majimbo na miji mzigo wa dola bilioni 9.2 mwaka 2023, baada ya kutoa kodi walizolipa. CBO hao hao mwaka 2024 walikadiria wimbi hilo litapunguza nakisi ya serikali kuu kwa dola trilioni 0.9 hadi 2034. Washington inavuna, New York inalisha. Huo ni ugomvi wa kugawana hela kati ya serikali zao na unatibika kwa sheria ya bajeti. Na Bint ameeleza vizuri kuliko mimi kwa nini hoteli zilijaa.

#6 Kisu cha Mbao

Bado hujamjibu kijana wa kidato cha pili. Unaniambia sampuli ndogo.

#7 Mbeba Boksi Mstaafu

Kijana wa kidato cha pili anaumizwa na kushindana na mtu ambaye hawezi kusema hapana. Mpe yule mwingine uwezo wa kusema hapana, bei ya wote wawili inapanda. Nikileta ushahidi wa hilo nje ya Marekani utaupokea?

#8 Msafiri wa Ruwi

Assalaam alaykum. Nimesoma kimyakimya, sasa naona mmefika kwangu.

Mimi ni wa Unguja, niko Maskati miaka mingi. Haya ya karatasi sisi tunayajua kwa jina la kafili, yaani tajiri anayekudhamini. Viza yako ameishika yeye. Zamani mkataba ukiisha, ukitaka kwenda kwa tajiri mwingine, lazima kafili akupe barua ya kukuachia, wenyewe wanaiita NOC. Asipokupa unarudi kwenu ukakae, ndio uombe upya. Basi anakwambia mshahara ni huu huu, hutaki nenda Zanzibar. Na wewe kule kwenu umeshajenga nusu nyumba, watoto wako skuli. Utaondoka wapi?

Oman iliondoa barua hiyo kuanzia Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba. Qatar nayo iliondoa 2020, ikaweka kima cha chini cha riyali 1,000. Sisemi mambo yamekuwa pepo. Watumishi wa majumbani wangali na yao, dada zetu wanaokuja kufanya kazi za ndani ndio wa mwisho kufikiwa na kila jambo zuri. Lakini kwa sisi wa maduka na ofisi, waallahi tajiri alianza kuuliza, "kwani fulani akija kukuchukua atakupa ngapi?" Suali hilo hakuwahi kuniuliza mtu.

#9 Mbeba Boksi Mstaafu

Msafiri, Mungu akubariki, umenirahisishia. Kisu, ushahidi ni huu.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulifanya kama hayo mapema, Januari 2011: mfanyakazi aliyemaliza mkataba akaruhusiwa kuhama bila ridhaa ya bosi wa zamani. Suresh Naidu, Yaw Nyarko, ambaye ni Mghana, na Shing-Yi Wang walipata kumbukumbu za malipo ya mishahara, wakalinganisha waliomaliza mkataba kabla na baada ya siku ile. Ujira wa waliomaliza baada yake ulipanda zaidi ya asilimia 10. Na cha kuchekesha, wengi zaidi walibaki kwa bosi wao wa zamani, kwa sababu bosi alipandisha dau na wao hawakulazimika tena kurudi kwao.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Walikuta kwamba kwa wageni wapya waliokuwa bado kwao, mahitaji yalipungua na ujira wa kuanzia ukashuka. Mwajiri aliyezoea kumnyonya mtu miaka mitatu ya mbele sasa hana hakika atakuwa naye, basi anatoa kidogo mwanzoni. Aliye ndani amepata, aliye mlangoni amepoteza kidogo. Kila mageuzi ya uhamiaji nimesoma yana huyu mtu wa mlangoni, na huyo hana kura popote.

Turudi Marekani na tuangalie viza za kihalali. Kibarua wa shamba wa H-2A viza yake imefungwa kwa mwajiri aliyemwombea, na mwaka 2023 nafasi zaidi ya 370,000 ziliidhinishwa. Mtaalamu wa kompyuta wa H-1B akifukuzwa kazi ana siku 60 kupata mwajiri mwingine la sivyo afungashe. Tofauti na kafili ni nini? Rangi ya kanzu. Mwaka 2025 Trump akaweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Wengine walishangilia kwamba sasa Mmarekani atapata kazi. Mnakumbuka nyanya? Kampuni kubwa inaweza kulihamishia dawati hilo Bangalore, India.

#10 Kashata na Kahawa

"Rangi ya kanzu" 😂 Kahawa imenipalia.

#11 Fundi wa Msimbazi

Wakuu mnazunguka dunia nzima, hapa Kariakoo mmeparuka. Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri: biashara 15 asifanye asiye raia. Duka la jumla na rejareja ukiacha supamaketi, uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, uchimbaji mdogo na nyinginezo. Akikamatwa faini isiyopungua milioni 10 au jela hadi miezi sita, na viza inafutwa. Mtanzania akimsaidia, faini milioni 5 au miezi mitatu.

Mimi ni fundi simu. Amri ile kwangu ni baraka. Mtu anatoka Guangzhou na kontena, anafungua fremu, anauza kioo cha simu rejareja kwa bei ambayo mimi ninanunulia jumla. Hayo ya takwimu za Miami mniachie.

#12 Dalali wa Gerezani

Fundi, nakuelewa, ila ngoja nikuambie tunayoyaona sisi tunaopangisha fremu. Huyo Mchina hajaondoka. Leseni imebadilika jina. Sasa mwenye duka kwenye makaratasi ni kijana aliyekuwa anamfungulia mlango asubuhi. Kijana halipwi kama mwenye duka, analipwa kama zamani pamoja na kiposho. Maafisa wakija, anayeonekana amemsaidia mgeni ni nani? Kijana. Milioni 5 atazitoa wapi?

Na wewe kioo cha simu bado unanunua kwake, kwa sababu ndiye anayejua kiwanda. Au umepata njia yako ya Guangzhou?

#13 Fundi wa Msimbazi

Sijapata. Lakini wateja wangu wameongezeka, hilo nakuapia. Na wewe dalali unatetea kilemba chako, wale walikuwa wanalipa fremu ya mwaka mzima bila kubembeleza.

#14 Kisu cha Mbao

Fundi kamaliza. Mleta mada ajibu: Tanzania ikilinda watu wake ni dhambi?

#15 Mbeba Boksi Mstaafu

Si dhambi. Kila nchi ina haki ya kusema kazi fulani ni ya wazawa, Marekani yenyewe inafanya hivyo kwa kazi nyingi za serikali kuu. Ninachouliza ni amri imembadilisha nani. Kama Fundi amepata wateja, amri imefanya kazi hapo na sina cha kumwambia. Kwa anachoeleza Dalali, imefanya ilichofanya I-9: biashara ni ile ile, hatari imehamishiwa kwa mnyonge aliyesaini. Kutofautisha hizo mbili kunataka mtu akahesabu leseni na mauzo, si kelele zetu humu. Na msisahau Wakenya walilalamika kuliko Wachina, kwa sababu soko la pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu Julai 2010 na wao walidhani limemaliza mambo haya.

#16 Wa Githurai

Tulilalamika na tutalalamika 😄 Soko la pamoja ni la wote ama ni la wenye wako na nguvu?

Lakini mimi nilikuja kuuliza kitu ingine. Mnaongea mshahara wa huko, hamjaongea pesa inakuja huku. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Hiyo ndiyo inalipa fees, inajenga, inazika watu. Sasa kuna hii kodi mpya ya kutuma pesa. Inakata nani? Na pia muniambie, ni kweli Mtanzania akichukua uraia wa Marekani anapoteza wa kwao? Sisi katiba ya 2010 ilituruhusu kushika zote mbili, na naona hiyo imesaidia watu wetu kujipanga.

#17 Bint wa Ngamiani

Ni kweli. Sheria yetu haina uraia pacha kwa mtu mzima. Wengi huku wanaishia kwenye grini kadi miaka nenda rudi, wanaogopa kupoteza shamba na kiwanja nyumbani. Bunge lilipitisha mabadiliko 2025 ya kuweka Hadhi Maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, yakagusa Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi. Ni hatua. Ila mwenye grini kadi tu huku hawezi kuomba kazi nyingi za serikali kuu, na siku hizi hata grini kadi watu hawaiamini kama zamani. Wakenya mmetuacha hapo, mimi sioni haya kusema.

#18 Mbeba Boksi Mstaafu

Wa Githurai, kodi ni asilimia 1, imo kwenye sheria kubwa aliyosaini Trump 4 Julai 2025, na imeanza 1 Januari 2026. Mwanzoni muswada ulitaja asilimia 5 na kwa wasio raia pekee. Wakaishusha na kuibadilisha. Sasa haiulizi uraia. Inakata anayetuma kwa pesa taslimu, hawala ya fedha (money order) au hundi ya benki. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya Marekani, au kwa kadi ya benki iliyotolewa Marekani, haikukati.

Fikiria sasa ni nani anayesimama dirishani na noti mkononi Ijumaa jioni. Ni anayelipwa taslimu kwa sababu hana kibali. Sheria haijamtaja popote na bado imemfikia.

#19 Kashata na Kahawa

Mimi nina kaka Ohio hana sosho, anatuma dola 300 kila mwezi kwa dirisha. Anakatwa ngapi?

#20 Mbeba Boksi Mstaafu

Dola 3, juu ya ada ya kampuni na wanachomkata kwenye kubadilisha fedha, ambacho mara nyingi ni kikubwa kuliko hiyo kodi. Mwambie aulize benki ndogo za ushirika zilizo karibu naye. Kuna nyingi zinafungua akaunti kwa pasipoti na ile namba ya mlipakodi inayoitwa ITIN, sosho si lazima. Akishakuwa na akaunti atume kutoka humo. Na kabla ya kuomba hiyo ITIN azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, maana 2025 mamlaka ya kodi ilikubaliana na watu wa uhamiaji kupeana taarifa za walipakodi, na kesi zikafunguliwa mahakamani kupinga. Asiende kichwakichwa kwa sababu ya dola tatu.